Mgonjwa wa Akili Arudipo Mtaani

Mtu akivunjika mguu, mtaa mzima huenda kumjulia hali. Akishikwa na maradhi ya akili, mlango hufungwa, na akizidi hutiwa mnyororo katika chumba cha uani. Sisi watu wa Pwani twalijua hilo. Lakini aibu si tatizo peke yake, wala pengine silo kubwa. Kubwa ni kwamba wale wanaojaribu kumsaidia mgonjwa hawajuani.

Tazameni mwendo wake. Kijana huanza kusikia sauti, hakai na watu, huwashuku ndugu zake kuwa wamtilia sumu chakulani. Wazee humpeleka kwa maalim, akasomewa na kunyweshwa kombe. Isipofaa, huenda kwa mganga, na hapo mbuzi na fedha hutoka. Mwisho huzuka fujo, polisi wakaitwa, ndipo akafikishwa Port Reitz, Mombasa, penye wodi ya maradhi hayo. Hupewa dawa, akatulia, akarudishwa nyumbani na karatasi mkononi.

Basi. Maalim hana habari kwamba ametoka. Muuguzi wa zahanati ya jirani hakuambiwa tarehe ya sindano yake ya kila mwezi. Mama, aliyebeba mzigo wote, hana nauli ya kumrudisha kliniki. Na anayetoka Likoni ana feri ya kuvuka kabla hata hajapanda matatu. Dawa hukatika, sauti hurudi, na majirani husema dawa za hospitali hazikufaa kitu, haya ni mashetani. Zilimfaa! Kilichokosekana ni mtu wa kumfuatilia.

Mtindo wa kumweka mgonjwa mbali na watu wake umekaa nchini tangu Mathari ilipofunguliwa Nairobi mwaka 1910. Sheria sasa imegeuka. Marekebisho ya mwaka 2022 ya Sheria ya Afya ya Akili yamezibebesha serikali za kaunti jukumu la kumhudumia mgonjwa huyu karibu na kwao. Kisha mwezi wa Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, waende nyumba kwa nyumba. Ni jambo jema. Lakini je, mhamasishaji huyo amefundishwa kuuliza habari za aliyefungiwa uani, ama hupima presha ya mama na kwenda zake?

Nasi Waislamu tusijifanye wageni wa jambo hili. Hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Cairo mwaka 1284 ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili, na gharama zake zilitoka katika wakfu. Sharia humwondolea mwenye wazimu faradhi ya sala na saumu; haikuwaondolea jamaa zake wajibu wa kumtunza. Hapa Mombasa tunayo Kamisheni ya Wakfu, na kila mtaa una kamati ya msikiti inayochanga kwa sanda na kwa mazulia. Nauli ya mgonjwa mmoja kwa mwezi haifiki bei ya zulia.

Hakuna asemaye kisomo kiachwe. Maalim asemaye, "Tutasoma, lakini sindano usiikose," aweza kufanya kazi ambayo daktari hataiweza, kwa kuwa yeye huaminiwa tangu mwanzo na huonwa kabla ya daktari. Lakini lazima amjue muuguzi, na muuguzi amjue yeye. Fundi cherehani au mwenye duka atakayempa kijana kazi ya nusu siku naye yumo humo humo, maana mtu aliyetulia kisha akakaa bure barazani huharibika upya.

Haya hayangojei jengo. Yangojea daftari moja la mtaa, lenye tarehe za sindano na jina la atakayemshika mgonjwa mkono siku ile. Daftari hilo likae kwa muuguzi, lisomwe kwa idhini ya mgonjwa mwenyewe akiwa timamu, wala lisifike barazani.