Elimu ya spana ianzie shuleni

KATIKA miji ya Garissa, Wajir na Mandera, na katika vijiji vilivyotapakaa baina yake, pikipiki si chombo cha anasa. Ni miguu ya mwalimu ambaye shule yake iko mbali na barabara kuu. Ni gari la mama mjamzito anayekimbizwa zahanati usiku wa manane. Ni duka la muuza maziwa, na ni ajira ya vijana wengi waliomaliza masomo wakaikosa kazi ya ofisini. Lakini wengi wa wale wanaokitegemea chombo hiki wanajua kukiendesha tu. Kikianza kukohoa hukisukuma hadi kwa fundi, wakatoa walichonacho mfukoni, wakarudi nyumbani bila ya kujua kilichokisibu.

Yafaa tulitazame jambo hili kwa makini, maana hasara yake haiishii mfukoni mwa mtu mmoja. Familia nyingi huuza mbuzi au ng'ombe, au huchukua mkopo, ili kijana apate pikipiki ya kubebea abiria. Injini ikifa kabla ya deni kulipwa, mifugo imekwenda, chombo kimekwenda na deni limebaki.

Watu wengi hudhani kwamba faida ya kuitengeneza pikipiki nyumbani ni kukwepa ujira wa fundi. Hilo ni kweli kwa kiasi kidogo tu. Ujira wa kubadilisha mafuta au kukaza cheni si mkubwa. Gharama inayomfilisi mwenye chombo hutokana na vipuri vinavyokufa kabla ya wakati wake kwa kukosa uangalizi wa dakika chache. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa pikipiki ni pistoni, silinda na pete zake.

Tuchukue mfano wa chujio la hewa. Kaskazini Mashariki ni nchi ya vumbi na mchanga. Vumbi hilo huziba chujio, injini ikakosa pumzi na kunywa petroli kuliko kawaida. Wapo waendeshaji ambao, wakiona hivyo, hulitoa chujio na kulitupa, na pikipiki kweli huchangamka kwa siku chache. Kumbe sasa mchanga unaingia moja kwa moja ndani ya silinda na kuisaga kama msasa. Moshi wa bluu ukianza kutoka nyuma, mambo yamekwisha haribika. Ilhali chujio la sifongo huoshwa kwa maji na sabuni, likakaushwa, likapakwa mafuta kidogo na kukamuliwa, kazi ambayo mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaiweza. Lile la karatasi halioshwi. Hukung'utwa, na likichakaa hubadilishwa.

Mafuta ya injini nayo yana hesabu yake. Mwendeshaji anayekwenda kilomita 80 kwa siku hutimiza kilomita 2,000 katika siku 25. Huo ndio mwendo ambao pikipiki nyingi ndogo za biashara huhitaji kubadilishiwa mafuta zikiwa katika vumbi na joto kali. Kwa hiyo atakayesubiri hadi akumbuke, au hadi injini ipige kelele, amekwisha chelewa. Pikipiki nyingi za aina hiyo hutumia mafuta ya kiasi cha lita moja tu. Kinachotakiwa ni spana moja, chombo cha kukingia mafuta machafu, na daftari la kuandikia tarehe na kilomita. Daftari hilo ni muhimu kuliko spana yenyewe.

Kisha kuna miiba. Mti wa mathenge, ulioletwa nchini kwa nia njema ya kuzuia jangwa, umeenea kando ya Mto Tana na katika sehemu nyingi za kaunti ya Garissa, na mwiba wake hupenya tairi bila shida. Asiyejua kuziba pancha hutembea kwa miguu chini ya jua kali akisukuma mzigo wa kilo zaidi ya mia moja. Na hata ajuaye kubandika kiraka huweza kupata pancha ya pili papo hapo, kwa kuwa hakupapasa ndani ya tairi kwa uangalifu na kuing'oa ncha ya mwiba iliyobaki imejificha. Upepo nao upimwe asubuhi tairi zikiwa baridi, maana joto la mchana huudanganya mkono na kipimo pia.

Cheni haihitaji elimu kubwa. Ikibonyezwa katikati, upande wa chini, yapasa icheze kiasi cha sentimita mbili hadi tatu. Ikilegea zaidi hula meno ya magurudumu yake. Ikikazwa mno hukatika au kuharibu beringi. Anayeikaza na ahakikishe kwamba alama za pande zote mbili za ekseli zinalingana, la sivyo gurudumu litakwenda upande.

Kwa mkazi wa Nairobi au Mombasa, ujuzi huu ni wa kuokoa shilingi. Kwa mkazi wa Kaskazini Mashariki ni zaidi ya hapo. Kutoka mjini Garissa hadi Dadaab ni kiasi cha kilomita mia moja, na kutoka Garissa hadi Wajir ni zaidi ya mia tatu. Njiani hakuna gereji kila kona, maji ni adimu, na usalama si wa kutegemewa saa zote. Aidha, mafuriko ya mwaka 2023 na ya 2024 yalipoikata barabara ya Nairobi na Garissa, ilidhihirika jinsi eneo hili linavyotengwa upesi na masoko ya vipuri. Katika hali kama hiyo, aliyekitunza chombo chake huendelea na safari, na aliyekipuuza hukiegemeza ukutani akingoja barabara ifunguliwe.

Zipo hoja mbili ambazo hupingana na rai yetu. Ya kwanza ni kwamba tukifanya hivi tutawanyima mafundi riziki. Si kweli. Valvu, gia, fimbo ya pistoni na mambo mengine ya ndani ya injini yatabaki kuwa kazi ya fundi, na yafaa yabaki hivyo. Fundi hodari hapendi kupoteza siku akikaza cheni. Tena mteja anayeelewa chombo chake humweleza fundi hitilafu kwa ufasaha, na fundi laghai hushindwa kumuuzia kipuri asichokihitaji.

Hoja ya pili ni ya hatari, nayo ina uzito. Breki iliyofungwa vibaya huua. Petroli iliyowekwa ndani ya nyumba, karibu na jiko au taa ya moto, imeteketeza watu. Mafuta machafu yakimwagwa mchangani hayapotei. Mjini Wajir, ambako watu wengi hunywa maji ya visima vifupi, uchafu unaomwagwa juu hauna safari ndefu kuyafikia maji. Lakini hatari hizi zinadai watu wafundishwe, wala hazidai waachwe katika ujinga wao. Hivi sasa vijana wanajaribu kila kitu kwa kubahatisha, na hiyo ndiyo hatari kubwa kupita zote.

Hapa ndipo walimu wanapoingia. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, lengo lake mojawapo lilikuwa kumpa mtoto ujuzi wa mikono ili aweze kujitegemea. Wazazi walichangishwa pesa za karakana, nyingi hazikukamilika, na masomo ya ufundi yakapunguzwa kwa kuwa yalionekana mzigo. Sasa mtaala mpya umelirudisha wazo hilo, na tangu shule za sekondari msingi zianze mwaka 2023, somo la ufundi limo katika ratiba. Tukirudia kosa lile la kufundisha ufundi kwa chaki na ubao, tutavuna mavuno yaleyale.

Shule haihitaji kungoja karakana ya mamilioni. Pikipiki moja kuukuu, seti moja ya spana, bisibisi, pampu na fundi wa mjini anayealikwa mara moja kwa wiki vinatosha kuanzia. Mwalimu wa fizikia atapata humo msuguano, nyenzo, joto na mgandamizo wa hewa. Mwalimu wa hisabati atapata hesabu za gharama na kilomita. Mwalimu wa lugha naye ana kazi yake. Vitabu vya maelezo vinavyokuja na pikipiki huandikwa kwa Kiingereza, ilhali wengi wanaoziendesha huku huzungumza Kisomali na Kiswahili. Kwa nini wanafunzi wasipewe zoezi la kuyaandika maelezo hayo kwa lugha hizo mbili, yakabandikwa katika kila stendi ya bodaboda? Na wasichana wasiachwe nje ya darasa hili, kwani kesho ndio walimu na wauguzi watakaotumwa vijijini.

Serikali za kaunti nazo zina wajibu. Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi vyuo vya ufundi vya vijijini. Vyuo hivyo vingefungua milango yao jioni na siku za mapumziko kwa waendeshaji ambao hawawezi kuacha kazi mchana.

Mzazi aliyeuza ng'ombe wake kumnunulia mwanawe pikipiki amekwisha timiza sehemu yake. Kilichobaki ni kumfundisha kijana huyo jinsi ya kukifanya chombo kidumu hadi deni lilipwe na faida ianze kuonekana. Kazi hiyo ni ya shule, na wakati wake ni muhula huu.