Urafiki wa Mashule: Tusiwe Watu wa Kupokea Tu



Siku hizi neno ushirikiano linasikilika mara mingi. Shule ya msingi ikipata marafiki wa Ulaya, wazazi wanafurahi, direkta anafurahi, na watoto wanavaa uniforme safi kwa kupigwa picha. Sisi wa mwaka wa mwisho, sekisio ya pedagojia, ambao karibu tutasimama mbele ya watoto hao, tunapenda kutoa fikara yetu. Urafiki na mashule ya inchi zingine ni kitu chema. Lakini namna unavyofanywa mara mingi, haumfundishi mtoto kuwa raia wa dunia. Unamfundisha kusema aksanti, basi.

Wakati wa staji, tulikuwa katika shule moja ambayo hatutaitaja. Wageni walikuwa wametuma daftari na kalamu. Mwalimu akaandika barua kwa ubao kwa Kifaransa, na watoto kupita sitini wakainakili, neno kwa neno, bila kujua maana yake. Mtoto mmoja akauliza: «Mwalimu, na bo kule banapandaka mihogo?» Akajibiwa: «Wewe andika tu.» Sisi tunaona swali la yule mtoto lilipita barua zote sitini kwa faida. Lakini halikutumwa, kwa hiyo hakuna aliyelijibu.

Wengine watasema: anayeomba hachagui. Hapana, wandugu. Tuko na upungufu wa daftari, hatuna upungufu wa mambo ya kueleza. Tuangalie mfano wa karibu. Tarehe 1 agosti 2018 Ebola ilitangazwa kule Mangina. Ikafika Beni, Butembo, Katwa, mpaka hapa kwetu Musienene. Ilipotangazwa kuwa imeisha, tarehe 25 juni 2020, watu 2.287 walikuwa wamekufa. Lakini katikati ya kilio hicho, wagonjwa wa Beni, Mangina, Butembo na Katwa walikubali dawa nne zipimwe kwao. Mwaka 2019 ikaonekana kama mbili zinaokoa watu kupita zingine. Na moja ya hizo mbili asili yake ni damu ya mtu aliyepona Ebola kule Kikwit, mwaka 1995, kazi ambayo Mkongomani mwenzetu, Profesa Muyembe, alikuwa ndani yake. Kumbe mgonjwa wa Katwa amesaidia watu ambao hatawaona hata siku moja. Mtoto wa Musienene anayejua habari hiyo hawezi kuandika barua akiwa ameinamisha kichwa.

Sasa tufanye nini? Tuko na mashauri matatu, na yote hayaombi makuta mingi.

Kwanza, watoto waulize na waulizwe. Barua moja, maswali matano kutoka kwetu, maswali matano kutoka kwao. Waandike kwa lugha wanayoijua, Kinande ao Kiswahili, na sisi wakubwa tugeuze kwa Kifaransa. Tena wafanye kazi moja pamoja. Mstari wa ikweta unapita kati yetu na Lubero. Tarehe 21 marsi, karibu saa sita ya mchana, mti wa metre moja uliosimamishwa hapa unakosa kivuli. Saa ya mchana siku ile ile kule Wuppertal, Ujerumani, mti kama huo unatoa kivuli cha metre moja na robo hivi. Watoto wa pande mbili wapime, waandikiane, wauliziane sababu. Hapo hakuna mwenye kutoa na mwenye kupokea. Kila mmoja ana nusu ya somo, na nusu ingine iko kwa mwenzake.

Pili, tusifikiri dunia ni Ulaya peke yake. Ngʼambo ya Ruwenzori, kule Kasese, Uganda, kuko wandugu wetu Bakonzo. Lugha yao na Kinande tunasikilizana. Magari ya wachuuzi wa Butembo yanapita Kasindi, barua haiwezi kukosa nafasi. Mwezi wa juni 2023, wanafunzi wa sekondari ya Lhubiriha, kule Mpondwe, waliuawa usiku na watu wale wale wanaoua watu wa Beni tangu 2014. Ni mashule ngapi ya kwetu yaliwaandikia barua ya pole? Tunajua jina la miji ya Ujerumani, na jirani mwenye kilio kama chetu hatumjui. Hiyo si haki.

Tatu, tuanzie kwa benchi. Mwaka 2024 vita vilifukuza watu wa Kanyabayonga na Kirumba, na watoto wao walikuja kuketi katika mashule ya Lubero na Butembo. Mara ingine tunasikia mtoto wa hapa akimwita mwenzake «mukimbizi» sawa vile ni jina lake. Shule ikiwa na marafiki wa mbali, na ndani ya kalasi mgeni anachekwa, urafiki ule ni wa karatasi tu. Mwalimu amwombe yule mtoto aeleze kwao kulikuwa namna gani, kama anapenda, na wengine wasikilize.

Kanisa limetuonyesha njia. CBCA ni moja ya makanisa ya VEM, yenye ofisi kubwa Wuppertal. Zamani ilikuwa misioni ya Wajerumani. Tangu 1996 ni jumuiya ya makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, na yote yanaketi kwa meza moja kukata shauri. Na tukisoma Matendo ya Mitume, tunakuta kama njaa ilipokuja, Wakristo wa Antiokia, kanisa changa, ndio walituma msaada kwa wakubwa wa Yudea. Hawakungoja wawe matajiri.

Kwa hiyo tunawaomba madirekta wa mashule ya msingi wanaosoma gazeti hili: barua ya kufuata isianze kwa ubao. Ianze kwa kinywa cha mtoto. Na sisi wa pedagojia tuko tayari kuja siku ya posho, saa nane, kusaidia kuandika na kugeuza. Mwenye kukubali atutumie neno tu.

Kapita wa wanafunzi, kwa jina la wenzake wa mwaka wa mwisho