Jasho la msanii lisiliwe bure

Hapana shaka kwamba miongoni mwa mambo yanayovitambulisha visiwa vyetu mbele ya walimwengu, taarab imo katika safu ya mbele. Fahari hiyo hatukupewa na mtu. Imejengwa na watunzi, waimbaji na wapigaji ala, tangu kuanzishwa kwa kikundi cha Ikhwani Safaa mwaka 1905 hadi leo. Kwa hivyo, lolote linalowaondolea wasanii riziki yao si jambo la wasanii peke yao. Ni jambo letu sote, wananchi na Serikali.

Tunalolizungumzia leo ni kuvujishwa kwa nyimbo kwa njia ya intaneti na simu za mkononi. Kikundi hukusanya fedha kwa shida, humlipa mtunzi, hufanya mazoezi kwa miezi, hulipia studio; na kabla albamu haijatoka, nyimbo zake zimeshatawanyika kutoka simu moja hadi nyengine, kutoka Mkoani hadi Makunduchi. Siku ya kuitoa ikifika wanunuzi hawapo, kwa sababu kila anayeitaka ameshaipata bila ya kutoa hata senti moja.

Uovu huu una historia yake. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri hadi Bombay kurikodi santuri. Sahani ya santuri haikuwa kitu cha kunakiliwa nyumbani. Aliyetaka kumsikiliza Siti barazani kwake alikuwa hana budi ainunue. Zilipokuja kanda za kaseti mlango ukafunguka. Mwenye redio ya kaseti mbili aliweza kujinakilia mwenyewe, na yakazuka maduka ya kuwajazia watu nyimbo katika kanda tupu, kwa malipo yasiyomfikia aliyeimba. Hata hivyo, kanda ya nakala ilikuwa na mipaka yake. Ilichukua muda kunakiliwa, na kila ikinakiliwa sauti ilizidi kufifia. Nakala ya kompyuta haina kasoro hiyo. Ya elfu moja ni sawa na ya kwanza, hutengenezwa kwa muda mfupi kabisa, na huvuka bahari bila ya kupita forodhani.

Maradhi haya hayakuanzia kwetu. Mwaka 1999 huko Marekani ilianzishwa programu iliyoitwa Napster, iliyowawezesha watu kubadilishana nyimbo kwa kompyuta bila ya malipo. Mwaka 2000 kundi la Metallica liligundua kwamba wimbo wake ambao haujatoka rasmi ulikuwa umeshaenea humo na unapigwa redioni, likaishitaki Napster. Mwaka 2001 huduma hiyo ikasimamishwa kufuatia amri ya mahakama, lakini ulipofungwa mlango mmoja, mengine mingi ilifunguka. Mapato ya muziki uliorikodiwa duniani, yaliyozidi dola bilioni 20 za Marekani mwaka 1999, yalishuka hadi chini ya dola bilioni 15 ilipofika mwaka 2014. Baadaye yaliinuka tena, na sababu kubwa ni huduma za kusikiliza muziki kwa intaneti, ambapo msikilizaji hulipa ada ya mwezi au husikilizishwa matangazo ya biashara. Somo hapa ni kwamba watu hukubali kulipa wakirahisishiwa njia ya kulipa.

Wako wanaodai kwamba wimbo unaovuja unamtangaza msanii bure. Hutoa mfano wa kundi la Radiohead la Uingereza, ambalo albamu yake ya Kid A ilivuja mwaka 2000 na bado ikashika nafasi ya kwanza katika mauzo ya Marekani. Mfano huo ni wa kweli, lakini hautufai. Kundi lile lilikuwa tayari na jina kubwa, kampuni kubwa na soko la mamilioni ya watu. Soko la kikundi chetu ni watu wa visiwa hivi, ndugu zetu wa mwambao, na jamaa walioko Maskati na Ulaya. Hao wakishapata nakala za bure, hakuna wengine wa kuuziwa. Isitoshe, mwenye haki ya kuamua kwamba wimbo utolewe bure ni mwenye wimbo, si aliyeukwapua.

Tuchukue mfano. Tuseme kikundi cha watu 20 kimetengeneza albamu, kikatarajia kuuza nakala 1,000 kwa shilingi 5,000 kila moja. Hizo ni shilingi 5,000,000, ambazo ndani yake hutoka malipo ya studio, ya mtunzi na ya usafiri, na kinachobaki hugawiwa wanakikundi. Iwapo katika kila wasikilizaji kumi tisa watajinakilia, zitabaki shilingi 500,000. Hapo hata deni la studio halilipiki. Mpiga fidla atarudi kwenye uvuvi, mpiga kanuni atatafuta kazi ya ulinzi, na vijana watakaotazama hali hiyo hawatakuwa na hamu ya kujifunza udi. Siku hiyo tutakuwa na nyimbo nyingi katika simu zetu, na hatutakuwa na wa kutuimbia mpya.

Linalotusikitisha zaidi ni kwamba mila zetu zilishatufunza njia iliyo bora. Sote tunazijua kumbi za taarab. Msikilizaji akiguswa na ubeti huinuka kitini, akapita mbele ya watu, akamtunza mwimbaji kwa mkono wake. Hakuna anayemlazimisha, hufanya hivyo kwa kuwa anajua kwamba maneno yale na sauti ile vina thamani. Mtu huyo huyo akirudi nyumbani huichukua albamu nzima ya mwimbaji yule yule bure, kisha akawatumia na wenzake hamsini. Tunauliza: heshima ile ya ukumbini ilikuwa ya nani, ya msanii au ya watazamaji?

Ni vyema pia tukaeleza bila ya kificho wapi nyimbo huvujia. Wimbo ambao haujatoka haumo mikononi mwa msikilizaji wa kawaida. Aghlabu huvujishwa na aliyeaminiwa: fundi wa studio, rafiki aliyepelekewa ausikilize tu, au mtangazaji aliyepewa mapema. Huo ni uvunjaji wa amana, na wazee wetu hawakuwa na jina jengine la mvunja amana ila khaini. Mara nyengine huibiwa ndani ya kompyuta, kama zilivyoibiwa nyimbo za Madonna mwaka 2014. Mhusika alikamatwa Israel, na mwaka 2015 akahukumiwa kifungo. Kwa hivyo si kweli kwamba mwizi wa aina hii hakamatiki.

Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003, na ina COSOZA, chombo kilichokabidhiwa kazi ya kuisimamia haki hiyo. Sheria ikibaki kabatini haimlishi mtu. Tunawataka wahusika wayatekeleze mambo manne.

Kwanza, vyombo vya utangazaji, vya Serikali na vya watu binafsi, pamoja na mahoteli yanayowastarehesha watalii kwa muziki wetu, vilipe mirabaha kwa ukamilifu na kwa wakati. Serikali haiwezi kumhimiza kijana wa Kwahani alipe iwapo taasisi zake zenyewe zitakuwa nyuma.

Pili, hakimiliki si jambo la Muungano, na Tanzania Bara ina sheria yake ya mwaka 1999. Lakini wimbo haujui mpaka. Vyombo vya pande mbili havina budi kushirikiana, ili anayevujisha kazi upande mmoja asipate maficho upande wa pili.

Tatu, polisi na mahakama walichukulie kosa hili kuwa ni wizi kama wizi wa karafuu. Waanze na wanaofanya biashara kwa kazi za watu: wenye vibanda vya kujaza nyimbo katika simu na wenye tovuti zinazoingiza fedha kwa nyimbo zisizo zao. Mtoto wa skuli aliyetumiwa wimbo na mwenziwe aelimishwe.

Nne, wasanii nao wajifunge kibwebwe. Wasajili kazi zao kabla ya kuzitoa, waandikiane mikataba na studio badala ya kuaminiana kwa maneno matupu, na waweke nyimbo zao mahali ambapo msikilizaji ataweza kulipa kwa simu yake siku ile ile ya kutoka.

Tumefunzwa tangu chuoni kumlipa mfanya kazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Hatukufunzwa kwamba jasho la mwimbaji limevuliwa katika hukumu hiyo. Tuliwakataa waliokula matunda ya jasho la mkulima. Tusikubali leo, kwa kuwa kitu chenyewe ni wimbo na kimo mfukoni mwetu, kugeuka wanyonyaji sisi wenyewe.