Mzoga Mmoja, Walaji Wengi

Na Neema Kaaya

Ng'ombe akifa kwenye nyanda kavu kati ya Mlima Meru na Longido, mzoga wake hauchukui muda kupata walaji. Tumbusi huutafuta kwa macho, si kwa kunusa. Kila ndege hukagua ardhi huku akiwaangalia wenzake. Mmoja akishuka, jirani hufuata, na habari husambaa angani kilomita nyingi. Fisi na bweha nao hutazama juu, kisha hukimbilia huko.

Ugomvi huanza hapo hapo. Ngusha, mmoja wa tumbusi wakubwa kabisa Afrika, hutanua mabawa na kuwatimua wengine. Lakini mdomo wake mnene ndio unaopasua ngozi ngumu. Tundu likishapatikana, tumbusi mgongo-mweupe huingiza shingo zao ndefu, karibu tupu bila manyoya, na kuvuta nyama laini ya ndani. Tumbusi kofia, mdogo mwenye mdomo mwembamba, hudonoa mabaki mifupani. Kongoti hawezi kuchana nyama, hivyo huvizia vipande vinavyoanguka au huvipora. Fisi humalizia kwa kuvunja mifupa. Mtafiti Hans Kruuk aliueleza mgawanyo huu wa tumbusi mwaka 1967, baada ya kuwachunguza Serengeti. Hakuna anayemhurumia mwenzake, ila kazi ya mmoja humfungulia mwingine mlango.

Kukusanyika huko ndiko kunakowaponza. Mfugaji aliyeuliwa ndama na simba au fisi akitia sumu kwenye mzoga, hufa kundi zima, wakiwemo ndege wasiowahi kugusa mifugo yake. Tumbusi hutaga yai moja tu kwa msimu, kwa hiyo pengo halizibiki upesi. Mwaka 2015 tumbusi mgongo-mweupe na tumbusi kofia waliingizwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini mno kutoweka. Nchini India, dawa ya mifugo iitwayo diklofenaki iliwaangamiza tumbusi kwa mamilioni, na mbwa wa mitaani wakaongezeka kwenye mizoga iliyobaki.

Hasara ya mfugaji ni ya kweli, na haki yake ya kulinda mifugo haina ubishi. Kinga yake ni boma imara, mchungaji macho na taarifa ya mapema kwa maofisa wa wanyamapori. Sumu haichagui mla mzoga. Palipokwisha kutiwa sumu, mzoga uchomwe au ufukiwe kabla ndege wa kwanza hajashuka.