Darasa kwa Kimo cha Mtoto



Garbatulla, katika Kaunti ya Isiolo, jua ni kali. Darasa la mabati lisilo dari wala madirisha ya kutosha huwa tanuri kabla ya adhuhuri, na mtoto wa miaka minne hushughulika na joto badala ya somo. Nasi twamwita mzito wa kufahamu!

Huku kwetu Mombasa, mpango wa shule za awali za madrasa ulioanza miaka ya 1980 ulituonyesha kuwa dawa yake si ghali: mikeka ya kukalia, pembe ya vitabu na pembe ya michezo, vifuu na mbegu za kuhesabia, na rafu ambazo mkono mdogo waweza kuzifikia. Mtoto hujichagulia, hushika, kisha huuliza.

Kwa Katiba ya 2010, elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti. Na kwa desturi ya Waborana, mjenzi wa nyumba ni mama. Yeye ajua upepo uingiapo na kivuli kiangukapo. Basi kina mama wa Garbatulla, ramani ya darasa ikiletwa barazani, msinyamaze. Watoto ni amana.