TUIJUE DUNIA: Ujerumani, Nchi ya Saa na Karatasi

Zamani ukitaja Ujerumani hapa Mwika, wazee walikumbuka askari na kodi. Siku hizi ukiitaja, vijana wanakumbuka pasipoti. Huyu ataka kwenda kujifunza uuguzi, yule kujitolea kwa mwaka mmoja, na wako wazazi walioalikwa na watoto wao waende kutembea. Basi leo tuitazame nchi hiyo, ili anayekwenda aende macho wazi, na anayebaki ajue mwanawe yuko mahali gani.

Kwanza ukubwa wake. Tanzania ina kilometa za mraba 945,000 hivi. Ujerumani ina 357,000 tu, yaani haifiki hata nusu yetu. Lakini watu wake ni kama milioni 84. Mlima wao mrefu kuliko yote, Zugspitze, una meta 2,962. Kibo chetu kina meta 5,895. Ndiyo maana Hans Meyer wa Leipzig na mwenzake Ludwig Purtscheller wa Austria walipofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, walikipa jina la Kaisari Wilhelm, na Wajerumani wakajisifu kwamba huo ndio mlima mrefu wa dola yao. Meyer alichukua jiwe la huko juu akampa Kaisari, nalo likatiwa katika ukuta wa jumba lake la Potsdam, karibu na Berlin. Kilele chenyewe sasa kinaitwa Uhuru.

Si jiwe tu lililochukuliwa. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, na jamaa zake wanaamini kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 wataalamu wa Berlin walitangaza kwamba mafuvu matatu yaliyowekwa huko yamepatikana kuwa na jamaa walio hai hapa Tanzania; mojawapo ni la mshauri wa Mangi Meli. Mwaka huohuo Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea akaomba msamaha kwa maovu ya wakati ule. Kijana wetu anayekwenda Berlin yafaa ayajue haya. Si kwa kutafuta ugomvi, bali asiwe mgeni wa habari za kwao.

Ajabu nyingine: ndugu msomaji, Kijerumani kidogo umekwisha kukijua. Neno “shule” tulilipata kwao. Na “hela” ni jina la sarafu yao, heller, iliyoanza kutumika hapa mwaka 1904. Heller mia moja zilifanya rupia moja.

Sasa tuje kwenye saa. Wakati wa baridi wao wako nyuma yetu saa mbili. Wakati wa joto, saa moja. Tofauti hiyo hubadilika kwa sababu Jumapili ya mwisho ya Machi husogeza saa zao mbele, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba huzirudisha. Zaidi ya hayo, wao huhesabu kuanzia usiku wa manane. Ukiambiwa kwa Kijerumani “njoo saa nane”, maana yake ni saa mbili yetu ya asubuhi. Ukifika mchana, utakuta mlango umefungwa! Na jua lao si kama letu. Mwezi wa Desemba, Berlin, giza huingia saa kumi alasiri. Mwezi wa Juni, saa tatu usiku jua lingali laonekana. Wengi wa kwetu huingiwa na huzuni katika miezi ile ya giza. Mzazi, ndipo umpigie mwanao simu.

Jumapili maduka hufungwa, maana katiba yao yailinda siku hiyo iwe ya mapumziko. Usiponunua mkate Jumamosi, utashinda na njaa. Usiku kuanzia saa nne hapana kelele, hata kama una harusi. Chupa tupu ya plastiki usiitupe: irudishe dukani, utapewa senti 25 za euro ulizotozwa ulipoinunua.

Baada ya saa, karatasi. Ukihamia katika nyumba, una muda wa wiki mbili kwenda ofisi ya mji kuandikisha mahali unapokaa. Bima ya ugonjwa ni lazima kwa kila mtu. Mafunzo ya uuguzi huchukua miaka mitatu, na mwanafunzi hulipwa kila mwezi. Lakini hapana budi ajue Kijerumani vizuri kabla ya kuondoka, na awe na mkataba mkononi. Huko neno la mdomo halina nguvu. Lililoandikwa ndilo.

Hapa nataka kusema na akina baba na akina mama. Visa ya kutembea humruhusu mtu kukaa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180, wala haimruhusu kufanya kazi. Mtu akikuambia, “Mpeleke kama mgeni, kazi ataipata hukohuko,” anakudanganya. Visa hutolewa na ubalozi, si na wakala. Kihamba alichokuachia babu kisiuzwe kwa ahadi ambayo haikuandikwa mahali popote. Tafuta mtu anayejua Kijerumani akusomee mkataba wote, tena kabla ya kutia sahihi.

Liko jambo jingine lihusulo imani yetu. Katika kuandikishwa, mgeni huulizwa dini yake. Akijibu kwamba ni Mkatoliki, serikali itamkata kodi ya kanisa pamoja na kodi ya mapato, yaani asilimia 8 au 9 ya kodi hiyo, kufuata mkoa anaokaa. Kwa mfano, anayelipa kodi ya mapato euro 100 atalipa euro 8 au 9 kwa kanisa. Asiyetozwa kodi ya mapato halipi kitu. Wengine hushtuka, wakaenda ofisini kujiondoa. Wajue kwamba mwaka 2012 maaskofu wa huko waliagiza kuwa aliyejiondoa hivyo hapokei sakramenti, wala hawezi kuwa msimamizi wa ubatizo. Afadhali kijana ayajue haya akiwa nyumbani kuliko kuyakuta kwenye karatasi ya mshahara. Na akipata nafasi, aende Köln akalione kanisa kuu lake. Lilianzwa mwaka 1248, likamalizika mwaka 1880, na minara yake ina urefu wa meta 157. Wazee walioweka jiwe la msingi hawakuuona mnara hata mmoja umekamilika.

La mwisho ni kahawa yetu. Wajerumani ni wanywaji wakubwa wa kahawa, nao hawana shamba lake. Lakini kwa kila kilo ya kahawa iliyokaangwa inayouzwa huko, serikali yao huchukua kodi ya euro 2.19. Mkulima wa Mwika, igeuze euro hiyo kuwa shilingi, kisha itazame bei uliyolipwa kwa kilo msimu uliopita. Ndipo utakapoelewa kwa nini kijana akifika huko huona kikombe kimoja kikiuzwa kwa bei inayomshangaza, naye ameiacha miche ya baba yake ikizeeka mgombani.

Simwambii mtu asiende. Wengi wamekwenda, wakarudi na ufundi mzuri, na wengine wanawasomesha wadogo zao. Lakini wahenga walisema: Usisafirie nyota ya mwenzio. Mtoto wa jirani alifaulu kwa sababu alijifunza lugha, akangoja karatasi zake, akaisoma kila moja. Wako naye na afanye vivyo hivyo, kwanza akiwa hapa nyumbani.