Mkono Uliopona Bado Haujashika Jembe

Kijana wa bonde letu la Kilombero akisema nyumbani kwamba anataka kusomea tiba kwa vitendo, mzazi humkazia macho. Alijiandaa kusikia udaktari, au walau uuguzi. "Hiyo ndiyo kazi gani, mwanangu?"

Ndugu mzazi, mfikirie mama wa Lupiro aliyepigwa na kiharusi. Hospitali imemwokoa, mfiziotherapia amemsimamisha, amerudi nyumbani na mkongojo wake. Asubuhi inafika, hawezi kufunga kanga, wala kupeta mchele, wala kumwogesha mjukuu. Amepona, lakini anakaa barazani kama mgeni katika mji wake mwenyewe. Hapo ndipo anapohitajika mtoa tiba kwa vitendo. Yeye huuliza mama alikuwa akifanya nini tangu jogoo awike, kisha hutafuta njia ya kumrudisha kwenye shughuli hizo: mpini wa jembe ukanenepeshwa kwa mpira wa baiskeli, kigoda kikawekwa penye mafiga, mkono wa kushoto ukafundishwa kazi ya wa kulia.

Na sisi tuna haja kuliko wengi. Katika kituo cha Nazareti, hapa hapa Ifakara, walitunzwa wagonjwa wa ukoma. Kidole kisichohisi moto huungua juu ya sufuria bila mwenyewe kujua, na dawa ya vijidudu hairudishi hisia iliyokwisha kupotea. Kule Mahenge, Dakta Louise Jilek-Aall alianza kuwahudumia wenye kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na tangu zamani watu wa milima ile wanajua habari ya mtoto aliyeangukia motoni. Vidonge vina kazi yake. Jiko lililoinuliwa na kukingwa nalo lina yake. Ongeza majeruhi wa bodaboda, ongeza watoto wenye mtindio wa ubongo wanaoachwa mkekani wazazi wanapohamia madunguni kulinda mpunga.

Kwa miaka mingi mlango wa fani hii nchini umekuwa chuo cha KCMC, Moshi. Wapo wanaodharau chuo cha namna hiyo, chenye darasa dogo. Wanataka chuo chenye majengo ya kupigia picha. Mimi nasema udogo huo ni neema, maana kazi hii hufundishwa kwa mikono. Penye wanafunzi mia tatu, nani atakuona unavyoshika kiwiko cha mgonjwa? Ila usilipe ada kwa macho yaliyofumbwa. Uliza kama chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi. Uliza pia saa za mazoezi hospitalini: Shirikisho la Dunia la fani hii, lililoundwa 1952, linataka zisipungue 1,000.

Kuhusu ajira, tusidanganyane. Nafasi za serikali hutangazwa chache, na kijana aweza kukaa nyumbani akisubiri huku jirani yake muuguzi ameshapangiwa kituo. Lakini kazi ipo kwa anayeitafuta: hospitali za rufaa, za misheni, CCBRT Dar es Salaam, shule zenye vitengo vya watoto wenye mahitaji maalumu, na hospitali za afya ya akili kama Mirembe, na Lutindi kule Usambara, ambako tangu zamani kazi za mikono ni sehemu ya tiba.

Madiwani nao wasijifiche nyuma ya uchache wa nafasi. Ifakara imezoea mambo ya afya: maabara ya Waswisi tangu miaka ya 1950, hospitali ya Mtakatifu Fransisko, chuo cha wauguzi. Halmashauri isiyoomba nafasi ya mtoa tiba kwa vitendo kwenye ikama yake itapewa na nani?

Masomo ya vyuo huanza Septemba au Oktoba, mpunga ukiwa umeshaingia ghalani. Basi mzazi, kabla mlanguzi hajafika na mizani yake, tenga magunia ya ada.